Charly Gaul: Mchinjaji wa Luxembourg aliyeshinda milima kwa gia nyepesi

WENGI huamini kwamba mshindi wa mbio za baiskeli ni yule mwenye mapaja makubwa na gia nzito. Charly Gaul hakuwa na mapaja hayo. Alikuwa mtu wa umbo dogo, mwenye uzito wa kilo 64 hivi, kutoka nchi ndogo iliyobanwa kati ya Ufaransa, Ubelgiji na Ujerumani. Lakini barabara ilipoanza kupanda, miguu yake ilizunguka upesi kuliko ya wapinzani wake, na haikupunguza kasi hadi kileleni.

Gaul alizaliwa Desemba 8, 1932, Pfaffenthal, mtaa wa mji wa Luxembourg. Kabla ya baiskeli kumlisha, alifanya kazi buchani na kwenye machinjio ya Bettembourg. Mei 1953, akiwa na miaka 20, aliingia katika mbio za kulipwa.

Wakati huo wengi walipanda milima kwa gia nzito, wakisimama na kukandamiza pedali kwa uzito wa mwili. Gaul aliweka gia nyepesi kidogo kuliko wenzake, akanyonga haraka kwa mdundo mmoja, kilomita baada ya kilomita. Waliomfuata hawakuchoshwa na kasi ya ghafla. Walichoshwa na mdundo usiopungua.

Hesabu yake ni rahisi. Nguvu inayosukuma baiskeli hutokana na vitu viwili: uzito wa kila mkanyago, na idadi ya mizunguko ya pedali kwa dakika. Mtu anayekwenda kilomita 15 kwa saa husafiri mita 250 kwa dakika. Akiwa na gia inayosogeza baiskeli mita 4.2 kwa kila mzunguko, atazungusha pedali mara 60 hivi kwa dakika. Akiweka gia ya mita 2.8, atazungusha mara 90 hivi. Mwendo ni uleule, lakini kila mkanyago umepungua uzito kwa theluthi moja. Ni sawa na mchuuzi mwenye magunia sita ya kuvusha: anaweza kubeba matatu kwa safari mbili, au mawili kwa safari tatu. Mzigo haukubadilika, ila mgongo unajua tofauti. Kwa mwendesha baiskeli, mapaja hupata nafuu, na kazi kubwa zaidi huhamia kwenye moyo na mapafu.

Juni 8, 1956, katika mbio za Italia, Gaul alikuwa nyuma ya kiongozi kwa zaidi ya dakika 16. Siku hiyo theluji ilianguka kwenye mlima Monte Bondone. Makumi ya waendeshaji waliacha mbio, akiwemo kiongozi mwenyewe, Pasquale Fornara. Gaul aliendelea kunyonga. Alifika wa kwanza akiwa ameganda kwa baridi, akachukua uongozi na kushinda mbio zote.

Mwaka uliofuata aliona upande wa pili. Akiwa amevaa jezi ya waridi ya kiongozi, alisimama kujisaidia kando ya barabara. Wapinzani wake wakatumia nafasi hiyo kukimbia. Hakuwafikia tena, na taji likaenda kwa Gastone Nencini wa Italia.

Mwaka 1958 ndio uliomweka kwenye historia. Januari 1 mwaka huo Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya ilianza kazi, Luxembourg ikiwa miongoni mwa nchi sita waanzilishi. Mbio za Ufaransa zilishindaniwa kwa timu za mataifa, na Gaul aliingia katika timu ya pamoja ya Uholanzi na Luxembourg. Alipanda Mont Ventoux dhidi ya saa kwa muda wa saa 1, dakika 2 na sekunde 9, rekodi iliyodumu hadi 1999.

Hata hivyo, siku chache kabla ya mwisho alikuwa nyuma ya Raphaël Géminiani wa Ufaransa kwa dakika 16 hivi. Kisha mvua baridi ikanyesha kwenye milima ya Chartreuse. Gaul, ambaye joto lilimwangusha mara nyingi lakini baridi haikumtisha, aliondoka peke yake na kufuta karibu pengo lote kwa siku moja. Alimalizia kazi kwenye mbio dhidi ya saa za kuingia Dijon, akafika Paris akiwa mshindi. Mwaka 1959 alishinda tena mbio za Italia.

Makocha wa leo hufundisha mdundo huo kwa hatua. Mwendeshaji huhesabu mara ambazo goti la kulia linapanda kwa sekunde 15, kisha huzidisha kwa nne. Kwenye barabara tambarare na gia nyepesi, huongeza mizunguko mitano juu ya kawaida yake kwa dakika chache, hupumzika, hurudia. Makalio yakianza kurukaruka juu ya kiti, amezidisha, apunguze kidogo. Kazi hiyo huchukua wiki nyingi, kwa kuwa miguu hujifunza polepole. Mwenye baiskeli isiyo na gia hana uchaguzi huo mlimani, na anaposhuka kusukuma mzigo wake hajashindwa.

Baada ya kuacha mbio, Gaul alifungua baa karibu na kituo cha treni cha Luxembourg, lakini biashara haikudumu. Alihamia kwenye kibanda msituni, akaishi huko miaka mingi peke yake, akiepuka watu na waandishi wa habari. Alirudi miongoni mwa watu miaka ya 1980, akapewa kazi katika wizara ya michezo ya nchi yake. Alifariki Desemba 6, 2005, siku mbili kabla ya kutimiza miaka 73.