John Dalton, Mtoto wa Mfumaji

Msomaji, ukikaa Tarime unaijua baridi ya alfajiri. Samli uliyoiacha ndani ya kopo usiku, asubuhi unaikuta imeganda. Jua likipanda inakuwa majimaji tena. Samli ni ile ile. Kimebadilika nini? Mtu mmoja aliyetusaidia kupata jibu ni John Dalton.

Dalton alizaliwa mwaka 1766 katika kijiji cha Eaglesfield, kaskazini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mfumaji wa nguo, tena maskini. Alipokuwa na miaka 12 tu, Dalton alianza kufundisha shule ya kijiji. Usishangae, baadhi ya wanafunzi walikuwa wakubwa kuliko yeye. Alifanya kazi ya shamba pia.

Vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge vilikuwa vimefungwa kwa watu wa dhehebu lake la Quaker. Basi alijisomea mwenyewe. Alisaidiwa na John Gough, mtu kipofu mwenye elimu nyingi.

Mwaka 1787 alianza kuandika kila siku habari za mvua, upepo na joto. Jambo moja lilimsumbua: mvuke wa maji unakaaje ndani ya hewa? Alifikiri kwa miaka mingi. Mwaka 1808 alitoa kitabu. Alieleza kwamba vitu vyote vimeundwa kwa atomu, yaani chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Atomu za dhahabu zina uzito wake, na za chuma uzito wake. Alidhani atomu haigawanyiki. Hapo alikosea, lakini msingi wake umesimama.

Wataalamu waliomfuata walionyesha kwamba chembe hazitulii kamwe. Itazame samli yako. Ikiwa imeganda, chembe zake zimeshikamana, kila moja inatetemeka mahali pake. Ikipata joto, zinatetemeka zaidi, zinaachiana kidogo na kuteleza. Ndiyo maana samli inamiminika. Maji yakichemka, chembe zake zinaachana kabisa na kuruka huku na huko. Hizo ndizo zinazosukuma mfuniko wa sufuria yako ya ugali.

Dalton hakuoa, wala hakupenda makuu. Aliishi Manchester akifundisha watu hisabati. Aliandika habari za hali ya hewa kwa miaka 57. Jioni ya tarehe 26 Julai 1844, mkono ukitetemeka, aliandika kwamba mvua kidogo imenyesha. Kesho yake alifariki.