Solomon Linda: Mtunzi wa wimbo wa simba aliyeambulia shilingi 10

Kama umewahi kutazama filamu ya The Lion King ya 1994, basi unaukumbuka ule wimbo wa simba aliyelala ambao Timon na Pumbaa wanauimba. Wengi hudhani ni kazi ya Wamarekani. La hasha! Chimbuko lake ni Mzulu mmoja aliyefariki akiwa hohehahe.

Solomon Linda alizaliwa 1909 huko Msinga, Natal, Afrika Kusini. Alisoma katika shule ya wamishonari, na huko akajifunza uimbaji wa kwaya. Baadaye alichanganya sauti hizo za kanisani na mtindo wa Wamarekani weusi pamoja na nyimbo za harusi za Kizulu. Kwa hivyo hata yeye aliazima hapa na pale, kisha akatengeneza kitu chake.

Mnamo 1931 alifunga safari hadi Johannesburg kusaka riziki, kama vijana wengi wa rika lake. Aliongoza kundi la Evening Birds, ambalo lilivuma kwa sauti nzito na suti za milia. Mchana alikuwa akipakia santuri katika kiwanda cha kampuni ya Gallo.

Kampuni hiyo hiyo ndiyo iliyomwingiza studio 1939. Wakati wa kurekodi kibao Mbube, yaani simba kwa Kizulu, Linda alipaaza sauti na kubuni papo hapo ile melodia ambayo dunia nzima inaijua leo. Santuri hiyo iliuza takriban nakala 100,000 Afrika katika muda wa miaka kumi. Mtindo mzima wa uimbaji ukaitwa mbube. Lakini haki za wimbo Linda aliiuzia kampuni kwa shilingi 10 tu. Basi!

Santuri ilivuka bahari hadi mikononi mwa mwanamuziki Pete Seeger, Marekani. Hakulisikia vizuri neno la Kizulu, akaliandika Wimoweh, na kundi lake la The Weavers likatamba nalo. Mnamo 1961 kundi la The Tokens liliurudia wimbo huo ukiwa na maneno mapya ya Kiingereza, nao ukashika nafasi ya kwanza Marekani. Pesa ziliingia, ila si kwa mwenyewe.

Linda aliaga dunia 1962 kutokana na maradhi ya figo. Akiba yake benki haikufika dola 25. Kaburi lake lilikaa miaka 18 bila jiwe la ukumbusho, huku familia yake ikihangaika kule Soweto.

Mambo yalibadilika mwaka wa 2000, mwanahabari Rian Malan alipofichua kisa hicho. Wakili Owen Dean alichimbua sheria ya Uingereza ya 1911, iliyosema kuwa haki hurudi kwa warithi miaka 25 baada ya kifo cha mtunzi. Kesi dhidi ya Disney iliwasilishwa 2004. Mwaka wa 2006 pande husika ziliafikiana: familia ilipwe mirabaha, na Linda atambuliwe kama mtunzi mwenza.

Wewe unayetengeneza biti chumbani kwako, kisa hiki kinakuhusu. Kuazima si dhambi. Bila kuazimana, Mbube isingezaliwa wala kuvuka bahari. Kosa ni kufuta jina la mwenyewe na kumnyima mgao wake. Nchini Kenya, wimbo hulindwa na sheria mpaka miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi. Kwa hivyo ukiletewa mkataba, usikimbilie kutia sahihi kwa sababu umeonyeshwa pesa za haraka. Usome wote, umwonyeshe anayeelewa sheria, na uulize ni nani atamiliki wimbo wako miaka ishirini ijayo. Na ukitumia kazi ya mwenzako, omba ruhusa, taja jina lake na umlipe.