Charles Darwin: papa wa watoto kumi

Tarehe 1 mwezi wa saba mwaka 1858, wataalamu walikusanyika London kusikiliza maandiko ya Charles Darwin na ya mwenzake Alfred Russel Wallace juu ya namna viumbe vinavyobadilika. Wallace alikuwa mbali, kwenye visiwa vya Azia. Darwin alikuwa karibu tu, Uingereza, lakini hakufika. Siku tatu kabla, mtoto wake wa mwisho alikuwa amekufa kwa homa ya vipele vyekundu. Alikuwa na mwaka mmoja na nusu.

Darwin alizaliwa mwaka 1809 kule Shrewsbury. Papa yake, munganga tajiri, alitaka kijana naye awe munganga, lakini kijana alikimbia kuona watu wakipasuliwa bila dawa ya kulala. Wakamtuma Cambridge asomee upadri, na kule akapitisha siku zake kutafuta wadudu. Siku moja alikuwa ameshika mdudu mmoja kila mkono, akaona wa tatu. Akaweka mmoja mdomoni ili apate nafasi, ule mdudu ukamwagia maji ya moto kwenye ulimi, akautema.

Kisha ile safari ndefu ya meli Beagle, 1831 hadi 1836. Aliporudi, alichukua karatasi akaandika upande mmoja faida za kuoa, upande mwingine hasara zake. Aliogopa kukosa wakati wa kusoma. Hata hivyo, mwezi wa kwanza 1839 alimuoa Emma Wedgwood, binamu yake, na mwaka 1842 wakahamia kijijini Downe.

Ile nyumba ilijaa watoto na mambo ya papa yao: njiwa, maua ya okidi, minyoo ya udongo ndani ya vyungu. Watoto walikuwa na ubao wa kuteleza kwenye ngazi, na walichora picha nyuma ya karatasi za vitabu vyake. Alipotaka kujua njia za nyuki wakubwa, aliwapanga watoto bustanini, kila mmoja na kituo chake, wapige kelele nyuki akipita. Jioni, yeye na bibi yake walicheza bakigamoni, na Darwin aliandika hesabu ya kila mchezo. Mwaka 1876 alikuwa ameshinda 2795, Emma 2490.

Ni kweli, alikuwa na mali ya familia na watumishi wa nyumba. Papa mwenye kuamka saa kumi kwenda kutafuta chakula hapati nafasi ya kuhesabu nyuki. Lakini kuna matajiri wengi ambao watoto wao waliwaona tu mezani.

Watatu kati ya wale kumi walikufa wangali wadogo. Annie ndiye alimvunja kabisa. Mwaka 1851, akiwa na miaka kumi, Darwin alimpeleka Malvern kwa munganga wa kutibu kwa maji, na kule akafa, papa yake akiwa kando ya kitanda. Emma alibaki nyumbani sababu alikuwa karibu kuzaa. Darwin hakungoja maziko. Alirudi haraka kwa bibi yake.

Toka pale wasiwasi haukumwacha: labda ugonjwa wa watoto ulitoka kwa ile ndoa ya mabinamu. Alichunguza mimea mingi, akaona ile inayojizalisha yenyewe mara nyingi inakuwa dhaifu. Mwaka 1870 aliomba hesabu ya watu iulize juu ya ndoa za namna hiyo. Bunge lilikataa.

Uzeeni alirudia minyoo. Mtoto wake Francis aliipigia basuni, Emma akaipigia piano, lakini minyoo haikusikia kitu. Kitabu chake juu yao kilitoka 1881.

Darwin alikufa tarehe 19 mwezi wa ine 1882. Familia ilitaka azikwe Downe, lakini wakubwa wakampeleka Westminster Abbey, pamoja na watu wakubwa wa nchi. Emma hakuenda kwenye maziko. Yeye mwenyewe alizikwa Downe, mwaka 1896.