Walter Knott: Mkulima aliyevuna watalii shambani

WALTER Knott hakuwa na mpango wa kufungua kituo cha burudani. Alikuwa mkulima wa beri, tena aliyeshindwa mara kadhaa kabla mambo hayajamnyookea.

Alizaliwa mwaka 1889 huko San Bernardino, California, Marekani. Baba yake alifariki yeye akiwa mtoto mdogo. Mwaka 1911 alimuoa Cordelia, na miaka michache baadaye wakahamia jangwa la Mojave, ambako serikali iligawa ardhi kwa masharti ya mtu kuishi humo na kuilima. Jangwa halikutoa mazao. Walihimili hadi wakapata hati, kisha Walter akaenda kulima kwenye ranchi ya mtu mwingine kwa kugawana mavuno.

Mwaka 1920 alikodi shamba Buena Park kwa ubia na binamu yake. Beri alizouza kwenye kibanda cha kando ya barabara zilipata wateja, naye akanunua ardhi kwa mkopo. Muda si mrefu mdororo wa mwaka 1929 ukaporomosha bei ya ardhi. Wengine walitelekeza mashamba yao, yeye akaendelea kulipa deni.

Kilichomwinua ni miche iliyokuwa inakufa. Bwana mmoja wa Anaheim, Rudolph Boysen, alizalisha beri chotara kisha akakata tamaa. Knott na mtaalamu wa kilimo wa serikali, George Darrow, waliikuta miche hiyo imezongwa na magugu. Knott akaihamishia kwake, akaitunza, na mwaka 1932 akaanza kuuza matunda yake makubwa kuliko beri za kawaida. Aliyaita boysenberi, jina la aliyeyazalisha, ingawa angeweza kuyapa la kwake.

Hata hivyo beri zina msimu wake, na deni halina. Juni 1934 Cordelia alipika kuku wa kukaanga na kuwaandalia wateja wanane, kwa senti 65 kila mmoja, kwenye vyombo vyake vya harusi. Watoto ndio waliohudumu mezani. Habari zikaenea, na baada ya miaka michache watu walipanga foleni kwa saa kadhaa.

Foleni ndefu ni furaha na ni hatari, maana mteja akichoka huondoka. Mwaka 1940 Knott alianza kujenga mji wa kale wa wachimba madini, akitumia pia majengo yaliyong'olewa kwenye miji iliyohamwa, ili wanaosubiri wapate cha kutazama. Kutembea humo hakukuwa na kiingilio. Fedha ilitoka kwenye kuku, jamu na maduka. Hesabu hiyo wafanyabiashara wengi huiogopa.

Julai 1955 Disneyland ilifunguliwa Anaheim, kilomita chache kutoka hapo. Wengi walidhani Knott amekwisha. Yeye na mkewe walihudhuria ufunguzi, na waliporudi nyumbani walikuta maegesho yao yamejaa magari. Wageni wa jirani walikuwa wanapitia na kwake.

Uzio na kiingilio vilikuja mwaka 1968. Cordelia alifariki mwaka 1974, na Walter tarehe 3 Desemba 1981 akiwa na miaka 91. Familia iliuza kituo kwa kampuni ya Cedar Fair mwaka 1997, lakini jina Knott limebaki getini, na kuku wa Cordelia bado anauzwa.