Mt. Karoli Borromeo: Aliyeutoa Mtaguso wa Trento Kwenye Karatasi

Kwetu ukitaja jina Karoli, wengi humfikiria kwanza Karoli Lwanga na mashahidi wenzake wa Uganda. Karoli wa pili, Borromeo, tunamkumbuka tarehe 4 Novemba. Ndiye msimamizi wa waseminari na wa makatekista, kwa hiyo seminarini siku yake haipiti hivi hivi. Mahubiri ya siku hiyo husifu sala zake, mifungo yake na upendo wake kwa maskini, na ni haki. Mimi napenda tumtazame leo kama mtu aliyekabidhiwa taasisi kubwa iliyochoka, akapewa na mpango mzuri ulioandikwa na wengine, kisha akabaki na swali linalowasumbua viongozi wengi: utaanzia wapi?

Alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1538 katika ngome ya Arona, kando ya Ziwa Maggiore, kaskazini mwa Italia. Ukoo wake ulikuwa wa makabaila, na kwa desturi mbaya ya wakati ule, mtoto wa pili wa kiume alitafutiwa riziki ndani ya Kanisa. Akiwa na miaka kama 12 tu alikwisha kupewa mapato ya abasia moja ya Wabenediktini pale Arona. Kijana akamwambia baba yake kwamba fedha zile, zikiisha kutosheleza mahitaji, ni za maskini, zisichanganywe na za nyumbani. Alisoma sheria Pavia, akapata udaktari mwaka 1559. Hakuwa msemaji mzuri. Ulimi wake ulikuwa mzito, na waliomwona darasani hawakumtabiria makubwa.

Mwezi Desemba wa mwaka huohuo mjomba wake, ndugu wa mama yake, alichaguliwa kuwa Papa, akajiita Pio wa Nne. Hata sisi tunajua maana ya kuwa na mjomba mahali fulani. Mwanzoni mwa 1560 Karoli aliitwa Roma, akafanywa kardinali akiwa na miaka 21, kabla hata ya kupewa upadre, na akakabidhiwa usimamizi wa Jimbo Kuu la Milano. Hakwenda Milano. Alikaa Roma kama mtu wa mkono wa kuume wa Papa, naye ndiye aliyeshughulikia barua zote kati ya Roma na Trento baada ya Mtaguso kufunguliwa tena mwezi Januari 1562.

Novemba ya mwaka huo kaka yake Federico alifariki ghafla. Ukoo ukamsihi aache mambo ya Kanisa, aoe, apate mrithi. Yeye akachagua kupewa daraja ya upadre mwaka 1563, na tarehe 7 Desemba, sikukuu ya Mt. Ambrosi, akawekwa wakfu kuwa askofu. Siku tatu kabla, Mtaguso wa Trento ulikuwa umefungwa.

Basi mpango ukawepo. Trento ilikuwa imeagiza maaskofu wakae majimboni mwao, wafanye sinodi, watembelee parokia, na waanzishe seminari za kuwalea mapadre. Tukitumia lugha ya siku hizi, ulikuwa mpango mkakati kamili. Milano kwa upande wake ilikuwa imekaa miaka ipatayo 80 bila askofu mkuu anayeishi jimboni. Mapadre wengi hawakuwa na elimu, baadhi yao hawakujua hata maneno ya kuondolea dhambi, na konventi nyingi zilikuwa zimelegea.

Mwaka 1564 Karoli alimtuma Milano padre mwenye uzoefu, Nicolò Ormaneto, awe makamu wake. Ormaneto aliitisha sinodi, mapadre 1,200 wakahudhuria, amri za Trento zikasomwa mbele yao. Seminari ikafunguliwa mwaka huo chini ya uongozi wa Wajesuiti. Baada ya hapo kila kitu kikaganda. Mapadre walisikiliza, wakarudi makwao, wakaendelea kama zamani. Ormaneto alikata tamaa, akaomba arudi kwao Verona.

Hapa ndipo naona moyo wa habari yote. Walioshindana na Ormaneto walikuwa na hoja nzito, hata kama hawakuitamka. Amri ya kwanza ya mageuzi yale ilikuwa askofu akae jimboni, na mtu aliyewatumia amri hiyo alikuwa anakaa Roma, anakula mapato ya Milano. Aristotle, tunayemsoma mwaka wa kwanza wa falsafa, anafundisha kwamba busara ya kutenda huhusu mambo haya mahususi yaliyo mbele yako, na kujua kanuni ya jumla peke yake hakutoshi. Karoli aliielewa hali yake. Alimwomba Papa ruhusa mara kwa mara, hadi akaipata, na tarehe 23 Septemba 1565 akaingia Milano. Mwezi uliofuata akafanya mtaguso wa kwanza wa kanda yake. Aliondoka tena kwenda kumwuguza mjomba wake aliyekuwa akifa, akashiriki uchaguzi wa Papa Pio wa Tano, na Aprili 1566 akarudi kukaa moja kwa moja.

Alianzia nyumbani mwake. Alipunguza watumishi na anasa, akaachia vyeo vingine vilivyokuwa vikimwingizia fedha, akauza vitu vya thamani kwa ajili ya maskini. Nyumba ya askofu ikapewa ratiba ya sala kama konventi. Baada ya hapo ndipo alipoligusa jimbo. Mji aliugawa kwa kufuata malango yake sita, na vijijini akaweka wakuu wa kanda, jambo ambalo leo tungeliita dekania. Kila mkuu alikuwa na wajibu wa kuwakusanya mapadre wa eneo lake, kujadiliana nao masuala ya maungamo, na kuandika taarifa. Paroko alitakiwa awe na daftari la waamini wake, nyumba kwa nyumba. Kila kilichoamuliwa kiliandikwa, na mwaka 1582 maandishi hayo yalichapishwa kitabu kizima, ambacho maaskofu wa nchi nyingine walikitumia kama mwongozo.

Anayeona haya kuwa urasimu afikirie kiti cha maungamo. Desturi ya kutenganisha padre na mwenye kutubu kwa ubao wenye wavu ilienea sana kutokana na Karoli, aliyetoa maelekezo ya jinsi kitakavyojengwa na mahali kitakapowekwa, kanisani panapoonekana na watu. Angeweza kuwahubiria mapadre miaka mingi juu ya heshima ya sakramenti ile. Alimwita seremala.

Makatekista nao wanamdai shukrani. Shule za mafundisho za siku ya Jumapili alizikuta Milano. Padre mmoja aitwaye Castellino da Castello alikuwa amezianzisha mwaka 1536. Karoli hakuanzisha nyingine ya kwake ili apate sifa. Alizichukua zilizokuwepo, akaagiza kila parokia iwe nayo, na alipofariki zilikuwa zaidi ya 700, zenye wanafunzi wapatao 40,000, wakifundishwa zaidi na walei wanaume kwa wanawake.

Seminari ilimpa shida zaidi. Vijana waliingia na kutoka. Wengine, na mara nyingi wale bora, walivutwa na maisha ya kitawa wakajiunga na Wajesuiti walewale waliokuwa wakiwalea, na jimbo likabaki na njaa ileile. Mwaka 1578 aliunda kundi la mapadre wa jimbo waliojifunga kwa nadhiri ya utii kwa askofu, Waoblati wa Mt. Ambrosi, na mwaka uliofuata akawakabidhi seminari. Mwaka 1579 alianzisha Milano chuo cha kuwalea mapadre wa Uswisi pia, kwa kuwa mabonde kadhaa ya milimani yalikuwa chini yake.

Upinzani haukukosekana. Makanoni wa kanisa la Santa Maria della Scala walidai kwamba askofu hana mamlaka juu yao. Agosti 1569 Karoli alipofika kuwatembelea rasmi, walimfungia mlango, watu wenye silaha wakafyatua risasi, na msalaba aliokuwa ameushika ukaharibiwa. (Mahali lilipokuwa kanisa hilo leo pana jumba maarufu la opera la La Scala.) Miezi miwili baadaye, tarehe 26 Oktoba, akiwa katika sala ya jioni pamoja na watu wa nyumba yake, mtawa mmoja wa shirika la Wahumiliati, Girolamo Farina, alimpiga risasi mgongoni. Shirika hilo lilikuwa na nyumba nyingi, mali nyingi na watawa wachache, na wakuu wake hawakutaka kurekebishwa. Karoli aliagiza sala iendelee hadi mwisho. Risasi ilikuwa imeishia kwenye mavazi, mwilini ikaacha alama tu. Aliwaombea huruma waliokamatwa, lakini serikali iliwaua, na mwaka 1571 Papa alilifuta tawi la wanaume la shirika hilo.

Magavana wa Kihispania walimshtaki Roma na Madrid kwamba anaingilia mamlaka yao. Mmoja wao, Requesens, alimtenga na Kanisa mwaka 1573. Nikisoma habari za ugomvi huu naona kwamba mara nyingine alikuwa mgumu kupita kiasi. Alipiga marufuku michezo na sherehe ambazo watu walizipenda, na si zote zilikuwa na dhambi ndani yake. Lipo na zito zaidi. Mwaka 1583, katika ziara yake kwenye bonde la Mesolcina, wanawake walioshtakiwa kwa uchawi walichomwa moto. Nchini kwetu, ambako ajuza wameuawa kwa kushukiwa vilevile, hatuwezi kuifunika habari hiyo kwa sababu aliyehusika ni mtakatifu.

Watu wa Milano walimwamini moja kwa moja wakati wa tauni. Ilipozuka mwaka 1576, gavana na wakubwa wengi walikimbia. Karoli alikuwa nje ya mji, Lodi, kwenye mazishi ya askofu, akarudi haraka. Aliandika wosia wake, kisha akaanza kuwazungukia wagonjwa, hata waliotengwa katika jengo la karantini ambako wachache walithubutu kuingia. Mapazia na vitambaa vya jumba lake vilishonwa nguo za maskini. Watu walipofungiwa majumbani, aliagiza altare zijengwe kwenye njia panda, ili Misa ionekane kutoka madirishani. Mapadre walewale waliokuwa wakinung'unikia ziara zake na madaftari yake, wengi walijitolea kumfuata, na baadhi wakafa.

Yeye alifariki jioni ya tarehe 3 Novemba 1584, kwa homa, akiwa na miaka 46. Papa Paulo wa Tano alimtangaza mtakatifu tarehe 1 Novemba 1610.

Karatasi zake zilibaki. Mwaka 1906 padre kijana wa Bergamo, katibu wa askofu wake, alikuta katika hifadhi ya nyaraka ya uaskofu Milano majalada 39 ya kumbukumbu za ziara aliyoifanya Karoli Bergamo mwaka 1575. Alianza kuzihariri, na kazi hiyo akaikamilisha baada ya miaka kama 50, kidogo kidogo, kati ya majukumu mengine. Padre huyo aliitwa Angelo Roncalli. Alipochaguliwa kuwa Papa Yohane wa Ishirini na Tatu, alivikwa taji tarehe 4 Novemba 1958, sikukuu ya Karoli, na kabla ya miezi mitatu kupita akatangaza kwamba ataitisha Mtaguso.