Dk. Denis Burkitt: Kwa nini pumba si takataka

Ukifika mashineni na debe lako la mahindi, swali ni moja: tukoboe au tusage dona? Hapa kwetu Mtabila, Kasulu na Kibondo, familia nyingi huona sembe nyeupe ndiyo ya kumpa mgeni. Leo tunawaletea maisha ya daktari aliyefanya kazi kwa majirani zetu Uganda, akatuachia sababu ya kufikiri upya.

Denis Burkitt alizaliwa mwaka 1911 karibu na Enniskillen, eneo ambalo leo ni Ireland ya Kaskazini. Akiwa mtoto wa miaka 11 alipoteza jicho moja katika ajali. Hata hivyo alisomea udaktari na akawa mpasuaji. Mwaka 1946 alikwenda kufanya kazi Lira, kaskazini mwa Uganda, kisha akahamia Mulago, Kampala.

Mwaka 1958 alieleza saratani ya taya inayowapata watoto, ambayo leo inaitwa kwa jina lake. Mwaka 1961 yeye na madaktari wawili walisafiri kwa gari wiki 10, kutoka Uganda kupitia Tanganyika hadi Afrika Kusini. Walipita hospitali kwa hospitali wakiuliza ugonjwa huo unaonekana wapi.

Aliporudi Uingereza mwaka 1966 alikuta wagonjwa wengi wa choo kigumu, bawasiri, kidole tumbo na saratani ya utumbo mpana. Magonjwa hayo aliyaona mara chache vijijini Uganda. Daktari mwenzake, Cleave, alikuwa akisema chanzo ni vyakula vilivyokobolewa. Burkitt akaamua kuchunguza.

Yeye na wenzake waliwapa watu vipande vidogo vya plastiki wameze, kisha wakapima choo. Kwa wanakijiji wa Uganda, chakula kilipita kwa takriban siku moja na nusu. Kwa Waingereza kilichukua siku tatu au zaidi, na choo chao kilikuwa kidogo zaidi.

Kwa nini? Tunapotafuna ugali, vimeng'enya vya mate huanza kuvunja wanga. Kongosho huongeza vingine katika utumbo mwembamba, na wanga huwa sukari inayoingia kwenye damu. Kongosho hilohilo hutoa homoni ya insulini ili sukari itumike mwilini. Lakini pumba za mahindi na maganda ya maharage havivunjwi na vimeng'enya vyetu. Makapi hayo hufika utumbo mpana, hushika maji, na baadhi yake huwa chakula cha bakteria. Choo hulainika.

Si kila alichosema Burkitt kilithibitishwa. Magonjwa mengine aliyoyahusisha na ukosefu wa makapi yana vyanzo vingi. Lakini kuhusu choo kigumu na saratani ya utumbo mpana, utafiti wa baadaye umeonyesha kuwa makapi husaidia. Alifariki mwaka 1993, akiwa na miaka 82.

Basi tufanyeje? Tusage dona pale tunapoweza, tule maharage na mboga za majani, tunywe maji ya kutosha. Mahindi ya dona yakaushwe vizuri, na yenye ukungu yasiliwe, kwa sababu sumukuvu haiishi kwa kupika. Anayeona damu kwenye choo asingoje dona imponye. Aende kituo cha afya.