Tom Mboya: Mwaka Mmoja Oxford, Kisha Ndege Nzima ya Wanafunzi

Kila siku wasee wanakutana pale kwa sanamu ya Tom Mboya, Moi Avenue. Wengine wanangojea mabeste, wengine wanapiga picha tu. Wachache wanajua kwamba huyo jamaa alikosa fee kama vile wewe ulikosa.

Alizaliwa 15 Agosti 1930 Kilima Mbogo, kwa shamba la mkonge karibu na Thika, ambapo buda yake kutoka Rusinga alikuwa anafanya kazi. Tom alisoma mpaka Mangu, lakini 1947 doh ikakatika. Kulikuwa na watoto wengine wa kusomeshwa. Basi akachagua kozi ambayo mwanafunzi alikuwa anapewa posho: ukaguzi wa afya, Jeanes School, Kabete.

Kanjo ya Nairobi ikamwajiri. Kazi ilikuwa moja, lakini mkaguzi Mzungu alikuwa anabeba mshahara mkubwa mbali sana na wa Mwafrika. Kuna siku mama mmoja Mzungu aliingia ofisini na maziwa ya kupimwa, akamwangalia Mboya usoni, halafu akauliza kama kuna mtu hapo ndani. Si hiyo ni noma?

Akaingia vyama vya wafanyakazi na roho yote. Akiwa na miaka 23 tayari alikuwa katibu mkuu wa shirikisho lao. Machi 1955 watu wa bandari ya Mombasa waligoma, Mboya akashuka Pwani kuwatetea, na wakaongezwa asilimia 33.

Mwaka huo huo akapata skolashipu ya Ruskin College, Oxford. Usidhani ni mambo ya watoto wa mabwanyenye. Ruskin ilifunguliwa 1899 kwa ajili ya wafanyakazi, watu waliotoka viwandani na migodini bila vyeti vya maana. Hapo Mboya akapiga kitabu: uchumi, siasa, na mahusiano ya wafanyakazi na mabosi. Nyumbani kulikuwa na Hali ya Hatari, Mwafrika hatembei Nairobi bila karatasi, lakini huku yeye anabishana na Wazungu darasani kama mtu na mwenzake. Akaandika hata kijitabu kuhusu Kenya, kikachapishwa 1956.

Digrii? Hakuna. Alikaa mwaka mmoja tu, akapitia Marekani kutafuta marafiki, akarudi. Machi 1957 akagombea kiti cha Nairobi dhidi ya Argwings-Kodhek, wakili aliyesomea Uingereza, na akamshinda. Hapo mimi humvulia kofia.

Wale marafiki wa Marekani ndio walisaidia Septemba 1959, ndege ilipobeba wanafunzi 81 kwenda kusoma huko. Ya mwaka uliofuata ilikuwa na Wangari Maathai. Mtu aliyekosa fee akasomesha mamia.

Mwisho wa 1964 akawa waziri wa mipango ya uchumi. Mwaka uliofuata ukatoka ule Waraka wa Bunge Nambari 10, ambao mpaka leo unalaumiwa kwa kupeleka pesa sehemu zilizokuwa tayari na mali. Lawama hiyo ina uzito, hatuwezi kuificha.

Jumamosi 5 Julai 1969, mchana, alitoka kwa duka la dawa Government Road, ambayo ndiyo Moi Avenue ya leo. Akapigwa risasi. Alikuwa na miaka 38. Nahashon Njenga alihukumiwa, akanyongwa. Nani alimtuma, mtaani bado wanauliza.